Mwaka Nilioangalia Tuta la Namkeke

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumanne ya tatu ya mwezi Machi, nilishika nyundo kwa mikono miwili nikaanza kugonga ringi ya lori iliyoning'inia kwenye mti wa mjohoro, kando ya bwawa la Namkeke. Saa hiyo naijua kwa hakika. Maelekezo yalitaka niiandike kwenye daftari kabla ya kugonga, nami niliiandika, ingawa kalamu ilitoboa karatasi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Kazi ya kuangalia bwawa nilikuwa nayo kwa wiki kumi na moja, na katika wiki hizo nilijifunza kuogopa kwa utaratibu: asubuhi kwa rula, mchana kwa macho, jioni kwa masikio.

Sikupanga kuandika habari hizi. Mwezi uliopita tulimzika Mama Thekla, mwanamke aliyekuwa akinipikia mwaka ule. Miaka yake ya mwisho aliishi Mfaranyaki, hapa mjini, kwa mtoto wa dada yake, mwendo mfupi kutoka kibanda changu cha kutengeneza pampu za maji, na kwa miaka yote hiyo hatukuzungumza juu ya bwawa hata mara moja. Alipita, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akauliza kama nimekula. Msibani wasifu wake ulisomwa kwa dakika nne. Ulisema alizaliwa, aliolewa, alifiwa na mume, alikuwa mpishi hodari na mwanajumuiya mwaminifu. Kijana aliyekaa nami kwenye benchi alinionyesha ujumbe kwenye simu yake, tahadhari ya mvua kubwa mkoani, akasema siku hizi serikali inakufuata hadi mfukoni. Nilimkubalia. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini wakati huo huo mtu alikuwa anapigilia vigingi vya chuma vya turubai nyuma yetu, na kila chuma kinapogongwa mfululizo mwili wangu huuliza swali moja kabla ya mengine yote: nikimbilie wapi? Nilirudi nyumbani Ruhuwiko kwa miguu, nikatoa daftari la mwaka ule chini ya kitanda, nikaanza.

Mvua zilikuja mapema msimu ule na hazikupumzika. Bwawa la Namkeke lilikuwa la zamani, limejengwa kwa udongo na nguvu za wanakijiji kwa ajili ya kumwagilia mboga. Chini yake, kwenye bonde jembamba, kulikuwa na kaya sitini na mbili. Juu, kwenye mgongo wa kilima upande wa mashariki, palikuwa na shule ya msingi. Januari Bwana Mapunda alikuja kwa pikipiki kulikagua. Alikuwa afisa kilimo aliyepewa pia uratibu wa maafa, kazi ya pili isiyo na mshahara wa pili, na alikuwa mtu mwangalifu ambaye hakupenda kusema jambo asilolijua. Alitembea juu ya tuta mara mbili, akashuka hadi chini upande wa bondeni, akasimama muda mrefu mahali palipokuwa panachuruzika maji. Kisha akauliza kijijini ni nani amemaliza kidato cha nne na ana mwandiko unaosomeka. Nikaitwa mimi. Kazi ilikuwa kukaa kwenye kibanda kilichokuwa kando ya tuta, kusoma alama za maji kwenye mlingoti uliopakwa rangi, mara tatu kwa siku, kuandika, na kila Jumatatu kupeleka barua kwa baiskeli hadi ofisi ya kata, ambako palikuwa na redio ya upepo ya kuwasiliana na mjini. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika bondeni kwetu.

Kibanda kilikuwa na chumba kimoja, kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi na dirisha lisilo na kioo lililotazama tuta. Nikilala, tuta lilikuwa miguuni pangu. Nikila, lilikuwa mbele yangu. Wiki ya kwanza sikuogopa chochote. Woga uliletwa na kitabu. Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza juu ya mabwawa madogo ya udongo, kisicho na jalada. Nilikikuta sokoni mjini kwa mama muuza karanga, aliyekuwa anachana kurasa zake za mwisho kufungia karanga, nikakinunua kilichosalia. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku. Katika ukurasa wa arobaini na kitu nikaelewa kwamba maji yanayochuruzika chini ya tuta si lazima yawe hatari. Yakiwa meupe, tuta linatoa jasho. Yakiwa na rangi ya udongo, tuta linaliwa kutoka ndani, na mtu aliyesimama juu yake hawezi kujua.

Kesho yake nilichukua chupa ya soda, nikaiosha, nikakinga maji ya pale chini, nikaiweka dirishani. Asubuhi nilipoitazama kulikuwa na utando kwenye kitako, mwembamba kiasi kwamba rula haikuweza kuupima. Nikaandika: unaonekana, haupimiki. Tangu hapo kila asubuhi nilikinga chupa mpya, na dirisha likajaa chupa zenye tarehe. Katikati ya Februari utando ulikuwa milimita moja. Siku tisa baadaye ulikuwa milimita tatu. Sijui kama msomaji amewahi kuogopa milimita. Hakuna kelele ndani yake, hakuna cha kumwonyesha mtu mwingine akaruka. Nilikuwa nakaa mbele ya zile chupa saa nne asubuhi, jua likiwaka vizuri, ndege wakilia kwenye matete, na nikazipima upya zote.

Chakula nilikula kwa Mama Thekla. Kijiji kilimlipa kwa mahindi ili anipikie, na nyumba yake ilikuwa ya kwanza chini ya tuta, hatua mia mbili na kumi. Mumewe, Baba Kastori, alikuwa mtu mrefu, mkulima wa mahindi na maharage, mwenye mzaha usioisha. Alinipokea kila mchana kwa maneno yale yale: karani amekuja, tuambie, maji yamelala au yameamka? Alisema wazee wao walichunga ng'ombe, baba yake akachunga mbuzi, na sasa serikali imeleta kijana wa kuchunga maji. Akifa kabla ya kumwona mtu wa kuchunga upepo atakuwa amepungukiwa. Tulikaa kwenye vigoda karibu na jiko, ugali katikati, mboga ya maboga au dagaa wa Nyasa, na nilijua kwamba nikiinua macho juu ya bega lake nitaona nyasi za tuta. Siku moja nilimweleza juu ya chupa. Alisikiliza hadi mwisho, hakutania. Akaniuliza kama kitabu kinasema tundu likitokea linazibwa na nini. Nikamjibu kitabu kinasema tundu likishatokea watu waondoke. Akatikisa kichwa, akasema huyo aliyeandika hajawahi kushika jembe.

Barua zangu za Februari zilikuwa fupi na zenye tarakimu. Bwana Mapunda alizichukulia kwa uzito. Hilo lazima niliseme, maana baadaye wengi walimlaumu. Alikuja, akazitazama chupa moja moja, akaomba mhandisi. Jibu lilikuwa kwamba mhandisi atakuja baada ya Pasaka, njia ikikauka. Akaitisha msaragambo, watu wakazibua njia ya maji ya ziada iliyokuwa imejaa matope, na maji yakashuka kwa kiganja kimoja. Kisha akaitisha kikao cha kamati ya maafa ya kijiji, nami nikawa mwandishi wa muhtasari.

Kikao kile kilifanyika kwenye ofisi ya kijiji, chumba kimoja chenye madawati mawili ya shule, harufu ya mifuko ya mbolea iliyopangwa kwenye kona, na ukuta wenye kalenda ya mwaka uliopita. Bwana Mapunda alileta mpango wa tahadhari uliochapwa, wenye nafasi za kujaza. Chombo cha tahadhari: nukta nyingi. Eneo salama: nukta nyingi. Muda wa kuhama: nukta nyingi. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Mbano, alipendekeza ringi ya lori, kwa kuwa sauti yake inafika bonde zima. Itundikwe bwawani, penye mwangalizi. Eneo salama likawa shule. Muda tuliuweka dakika ishirini, na tulijivunia, kwa sababu mtu mzee kabisa wa bondeni alikuwa na uwezo wa kupanda hadi shuleni kwa dakika kumi na tano. Wote mle ndani tulikuwa watu wa pale. Hata Bwana Mapunda alizaliwa kijiji cha tatu kutoka kwetu.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria, kwa sababu lilikuwa ndani yetu tangu tukiwa watoto. Vijijini kwetu chuma kikigongwa mfululizo, au mtu akipiga yowe, huendi mbali na sauti. Unaifuata. Inaweza kuwa moto kwenye shamba la mtu, mwizi, fisi, mtoto aliyetumbukia kisimani. Unaacha ulichokuwa unafanya, unashika chombo kilicho karibu, jembe, panga, ndoo, na unakimbilia inakotoka. Asiyekwenda anatozwa debe la mahindi, na baya kuliko debe ni kwamba siku yake ikifika atapiga yowe peke yake.

Mama Thekla ndiye aliyekuwa akipikia kikao. Aliingia na sinia la ugali na bakuli la maharage, akazunguka na birika la kunawia mikono, na akiwa amefika kwa mwenyekiti aliuliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, hilo ringi litatundikwa bwawani? Mwenyekiti akamjibu ndiyo. Na likilia, yeye aende shule? Ndiyo, mama. Alicheka kidogo, akamimina maji.

"Mwenyekiti, utanitoza debe langu bure," alisema. "Likilia bwawani, mimi nakuja bwawani."

Watu wakacheka. Mzee Mbano akamwambia alete chumvi. Mimi nilikuwa nimeinua kalamu, na nakumbuka wazi kwamba ilikuwa juu ya karatasi. Lakini Mama Thekla hakuwa mjumbe, na katika kitabu kidogo cha taratibu za ofisi nilichokuwa nimejisomea, muhtasari huchukua maneno ya wajumbe. Nikaandika: kikao kilisimama kwa chakula saa saba na nusu.

Machi ilianza na siku nne za mvua bila kukoma. Milimita tano. Milimita saba. Nilipeleka barua Ijumaa badala ya Jumatatu, na Bwana Mapunda akajibu kwa redio kwamba nipime kila saa, na kwamba atakuja Jumatano na magunia ya mchanga na vijana. Jumatatu jioni maji chini ya tuta yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Jumanne mchana sikuweza kula. Mama Thekla aliniambia mtu haogopi kwa tumbo tupu, akanifungia viazi kwenye jani la mgomba, nikaondoka navyo. Saa tisa na robo nilikuwa nimesimama chini ya tuta na chupa mkononi, mvua ikiwa imepungua hadi manyunyu, nikasikia sauti kama ya mtu anayesukutua. Hatua sita mbele yangu nyasi zikalala, udongo ukazama, pakafunguka tundu la unene wa kifundo cha mkono, na maji yakatoka kwa nguvu, mekundu.

Nilipanda, nikaandika saa, nikagonga. Nilifanya kila kitu kama tulivyokubaliana. Nadhani niligonga kwa dakika nne. Mara ya kwanza nilipoinua macho kutazama njia ya shule, haikuwa na mtu. Nikadhani hawajasikia, nikagonga kwa nguvu zaidi. Kisha nikasikia vishindo na sauti za watu wakiitana, na sauti hizo zilikuwa zinakua. Nikageuka. Bonde zima lilikuwa linapanda kuja kwangu. Walitoka katikati ya mahindi wakiwa wamekunja suruali, wanawake wamefunga khanga viunoni, majembe mabegani, mapanga, ndoo, na kila nilipogonga walikimbia zaidi. Sijawahi, kabla wala baada, kuona kitu cha kutisha kama watu wema wanaokuja kukusaidia.

Wa kwanza kufika alikuwa Baba Kastori, kwa kuwa alikuwa jirani. Aliuliza mwizi yuko wapi. Nikamwonyesha tundu. Lilikuwa limefikia unene wa paja. Nikamwambia, "Baba, rudi, linapasuka, peleka watu shuleni." Alitazama tundu, akatazama watu wanaokuja nyuma yake, akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa pale angelifanya. Aliteremka, akaanza kukata nyasi na udongo kwa jembe na kuzisukumia ndani ya tundu, akiita vijana walete magunia. Vijana wawili wakamfuata. Nilipaza sauti watu warudi. Lakini kupaza sauti kwangu kulikuwa yowe jipya, na waliokuwa nyuma walikaza mwendo. Hapo ndipo nilipomsikia tena kichwani Mama Thekla akimimina maji ya kunawa. Nilielewa kwamba kila pigo la nyundo lilikuwa linamvuta mtu mmoja zaidi kuja kusimama mbele ya maji, na kwamba nikinyamaza watakuja vile vile, kwa sababu wameshajua ni wapi.

Nilikatazwa kuacha kituo. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye maelekezo. Nilitupa nyundo, nikakata kushoto kupitia shamba la mahindi kuelekea shuleni, nikipiga yowe. Sikuwa nasema maneno. Nilipiga yowe la moto, lile refu linalopanda, na nilikimbia mlima huku nikilipiga hadi nikahisi ladha ya damu kooni. Ni hatua mia saba na themanini, nimezihesabu baadaye. Shuleni walimu walikuwa wameshawatoa watoto nje. Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli. Niliokota jiwe nikagonga kile chuma, na nikaogopa kutazama nyuma. Nilipotazama, niliona mstari wa watu umevunjika katikati. Waliokuwa hawajafika bwawani walisimama, wakasikiliza, wakageuka. Na waliokwisha kufika nao wakaanza kuja, kwa sababu sauti ilikuwa imehama. Walipanda kilima kwa hasira ya watu waliochoshwa, wengine wakinitukana kwa Kingoni, wakiuliza ni wapi basi, moto uko wapi. Niliendelea kugonga. Mwalimu mmoja alijaribu kunishika mkono akidhani nimerukwa na akili.

Tuta lilivunjika saa kumi kasoro dakika nane. Halikuvunjika kwa kishindo kama nilivyokuwa nikilisikia kichwani kwa wiki nyingi. Lilikaa chini, kama mtu aliyechoka, na maji yakapita juu yake. Yalipita kwa dakika kumi na moja. Nyumba zilikuwa zinaondoka zikiwa na paa zake. Hakuna aliyelia. Watu walisimama kwenye uwanja wa shule wakitazama chini, na kwa muda mrefu hapakuwa na sauti nyingine isipokuwa ile ya maji, na yangu, maana nilikuwa bado nagonga.

Kisha likatokea jambo la kawaida. Kwetu, mtu akifika kwenye yowe huegemeza chombo chake ukutani, mwenyekiti akione, ili ahesabiwe kwamba alifika. Mmoja mmoja watu walikwenda kuegemeza majembe na mapanga kwenye ukuta wa darasa la nne, na mzee Mbano akatoa daftari lake la mahudhurio lililolowa akaanza kuandika kama alivyozoea. Mama Thekla alifika miongoni mwa wa mwisho, akiwa na ndoo. Hakuniuliza alipo mume wake. Alikwenda kwenye ule ukuta, akatembea polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, akitazama mipini. Jembe la Baba Kastori lilikuwa na mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Alirudi kutoka mwisho hadi mwanzo. Kisha akaketi chini, palepale penye majembe. Wale vijana wawili walikuwa wamefika. Walisema aliwaambia wamtangulie, yeye anamalizia. Tulimpata kesho yake mchana, kilometa mbili kutoka pale, kwenye mahindi.

Kulikuwa na waliosema nilikimbia. Kwa wiki kadhaa niliposimama kwenye foleni ya unga wa msaada watu waliacha nafasi mbele na nyuma yangu. Kwenye mkutano wa kijiji, mwezi wa tano, mzee mmoja alitaka nieleze mbele ya wote kwa nini mtu aliyewekwa kugonga alikuwa wa kwanza kuondoka. Nilisimama. Mama Thekla, aliyekuwa bado amevaa nguo nyeusi, alisema akiwa ameketi kwamba yeye alimwona karani akikimbia, akadhani anakimbiza mwizi, ndiyo maana akamfuata. "Kama angebaki pale anagonga," alisema, "mimi ningekuwa na mume wangu sasa hivi, huko aliko." Halikusemwa tena neno juu ya hilo, angalau mbele yangu.

Bwana Mapunda aliniita ofisini kwake mjini mwezi Juni. Alikuwa amekonda. Kulikuwa na maandazi kwenye sahani na chai ya maziwa, na wala yeye wala mimi hatukugusa. Aliniomba nisome muhtasari wa kikao cha Februari kwa sauti. Nilipofika kwenye sentensi ya chakula nilisimama, nikamweleza kilichosemwa wakati wa kunawa mikono. Alikumbuka. Niliona kwenye uso wake kwamba alikumbuka hata kucheka kwake mwenyewe. Aliuliza kwa nini sikuandika. Nikasema hakuwa mjumbe.

"Ningekuwa mimi mwandishi," alisema, "nisingeandika pia."

Alichukua kalamu, akafuta kwenye nakala yake ya mpango mahali palipoandikwa bwawani, akaandika: chombo cha tahadhari kitundikwe kwenye eneo salama. Ndivyo mpango huo ulivyokwenda vijiji vingine. Nimeishi na sentensi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na naiona ni sahihi, na bado kila msimu wa mvua nafikiri kwamba ina gharama yake, na kwamba mwangalizi wa pale penye hatari atahitaji miguu. Nilijifunza mwaka ule kazi nilizozifanya maisha yangu yote, kupima, kuandika, kusoma peke yangu. Pia nilijifunza kuwatazama watu walio chumbani wasio na kiti. Hilo la pili halikunipa utulivu wowote. Mtu akipita na sinia mahali ninapofanya kazi, mimi huacha ninachokifanya nikasikiliza.

Fomu ya tathmini ya maafa tuliipeleka mapema, lakini mwezi Novemba ilirudishwa. Orodha ya hasara ilikuwa na kurasa kumi, nyumba, mahindi yaliyokuwa shambani, mbuzi, kuku, masufuria, na jumla yake nimeisahau, mimi ambaye si mtu wa kusahau jumla. Haikurudishwa kwa ajili ya hasara. Ilirudishwa kwa sababu safu ya mwisho, mali iliyookolewa, tuliiacha wazi, na huko juu fomu yenye safu iliyo wazi haikupokelewa. Bwana Mapunda aliniambia nijaze sifuri, kwa kuwa hakuna aliyetoka na godoro wala gunia. Walitoka wakidhani wanakwenda kwa jirani. Nilikuwa nimeshaandika mviringo wa sifuri nikasita. Nilimwomba mzee Mbano daftari lake. Lilikuwa limekauka na kukunjamana, lakini mwandiko ulisomeka: majembe themanini na saba, mapanga arobaini na moja, mashoka kumi na mawili, ndoo kumi na tisa. Nilikwenda sokoni kuuliza bei za vitu vilivyotumika. Jembe lilikuwa shilingi elfu mbili, panga elfu moja na mia tano, shoka elfu mbili na mia tano, ndoo elfu moja na mia mbili. Nilizidisha, nikajumlisha mara tatu, nikaigeuza ile sifuri kuwa tarakimu, na Bwana Mapunda akasaini chini yake bila kuuliza. Mali iliyookolewa, bonde la Namkeke, kaya sitini na mbili: shilingi laki mbili themanini na nane elfu na mia tatu.